Ukitoka Kigoma kwenda kongamano la wanasayansi pwani

Nafanya utafiti wa uvuvi hapa Kigoma, na wanafunzi wa uzamili wanaokuja kukusanya takwimu kwenye mialo ya samaki ya Kibirizi na Katonga hunijia na swali lile lile: kongamano liko Dar, au Zanzibar, au Mombasa, nianzie wapi? Wengi huwa wameshaanzia kwenye nauli. Mimi nawaambia waanzie kwa mtu. Nani atakuwepo kule ambaye unataka akusikilize, na ambaye kwa barua pepe peke yake humpati? Kama huna hata jina moja, subiri kongamano jingine. Kutoka mwisho wa reli hadi baharini ni mbali mno kwa mtu anayefuata chai ya saa nne.

Kuna wanaosema makongamano ya pwani si yetu sisi wa maji baridi. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, kwa kawaida hukutana kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2017 ilikuwa Dar es Salaam, 2019 Mauritius, 2022 Gqeberha kule Afrika Kusini, 2025 Mombasa. Mtu wa Ziwa Tanganyika akiona neno "bahari" kwenye tangazo anafunga ukurasa. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka ziwa letu zilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Sasa waulize watu wa pwani habari za kufunga uvuvi wa pweza. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza kujaribu mwaka 2004, na baadaye vijiji vya Unguja na Pemba navyo vikaingia. Miaka yote hiyo wamekuwa wakihangaika na maswali tunayohangaika nayo sisi: familia inakula nini miezi ya kufungwa, nani anavua usiku kwa kuiba, na siku ya kufungua wanakuja watu wangapi ambao hawakufunga pamoja nanyi. Tena dagaa wanaokaushwa Zanzibar wanauzwa hadi Kongo, kwa walaji wale wale wanaowataka dagaa wa Kigoma. Mtafiti wa dagaa wa Unguja na wewe mnashiriki soko moja, na huenda hamjawahi kusalimiana.

Kwa hiyo ukiandika ikisiri yako, yaani ule muhtasari wa utafiti unaoombea nafasi, iandike ukimfikiria huyo mtu wa Unguja. Ikisiri nyingi ninazoombwa kuzipitia hutumia nusu ya maneno kueleza kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani. Ni kweli, na ni fahari yetu, lakini kamati inayochagua mada haichagui maziwa. Inataka kujua ulipima nini, wapi, kwa muda gani, ukapata nini. Matokeo yako yakae katikati ya ikisiri, tena kwa tarakimu. Ukiandika "matokeo yatajadiliwa", msomaji anaelewa kwamba bado huna. Na kama kweli bado huna, omba nafasi ya kuonyesha utafiti wako kwenye bango badala ya kuzungumza. Bango si daraja la pili. Kwenye chumba cha mada unapewa dakika chache na maswali mawili, halafu mwenyekiti anakuonyesha kikaratasi kwamba muda umekwisha. Kwenye bango unasimama saa nzima na anayekuja amekuja kwa ajili yako.

Bango lichapishwe kwenye kitambaa. Kipimo kinachoombwa mara nyingi ni A0, milimita 841 kwa 1,189. Karatasi ya ukubwa huo inahitaji bomba, na bomba ndani ya basi la Kigoma ni ugomvi na kila abiria. Kitambaa unakikunja na nguo zako. Soma kwanza maelekezo kama wanataka liwe la kusimama au la kulala, maana ubao ukishapangwa hausogezwi kwa ajili yako.

Kabla ya pesa, tahadhari moja. Zipo barua pepe zinazokuita "profesa mheshimiwa" ukiwa bado hujamaliza shahada ya pili, zinakualika kwenye kongamano la sayansi zote, kuanzia udaktari wa meno hadi uhandisi wa madaraja, katika hoteli ya ufukweni, na ikisiri yako inakubaliwa siku hiyo hiyo. Tafuta majina ya kamati ya kisayansi. Waandikie wawili watatu uwaulize kama kweli wamo. Kama majina hayapo, achana nalo.

Pesa sasa. Ada ya usajili huwa na bei ya waliowahi na bei ya waliochelewa, na mara nyingi ipo bei ya wanafunzi. Wengi hawaiombi kwa sababu hawana barua ya chuo mkononi, basi itafute mapema. Ufadhili wa safari hufungwa miezi kadhaa kabla ya kongamano, wakati mwingine siku ile ile ya mwisho wa kupokea ikisiri, kwa hiyo anayesubiri ikisiri ikubaliwe ndipo aombe amechelewa. Uliza pia unalipwaje: wafadhili wengine wanakukatia tiketi wenyewe, wengine wanakurudishia ukishatumia zako. Hilo la pili kwa mwenye mshahara wetu ni jambo la kukaa na familia kuongea. Tunza kila risiti, hata ya bajaji ukiweza kuandikiwa, na zile za mashine ya EFD zipige picha siku hiyo hiyo kwa sababu maandishi yake yanafutika. Kama unasafiri kwa masurufu ya ofisi, yaani pesa uliyopewa kabla ya safari, ujue mhasibu atakudai hesabu yake ukirudi hata kabla ya kukuuliza habari za safari. Na kwa mtumishi wa umma anayetoka nje ya nchi kuna kibali. Dokezo lianze kutembea mara tu barua ya mwaliko inapofika, kwa maana linapita meza nyingi na kila meza ina mwenye likizo.

Njia. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na treni ya abiria bado inakula karibu siku mbili hadi Dar. Mimi naipenda, ila siipandi nikiwa na mada ya kuwasilisha. Ndege ni nzuri ukiwa na mfadhili, lakini safari za Kigoma si nyingi kama za Mwanza, na moja ikifutwa unaweza kulala. Njia ninayoishauri kwa anayejilipia ni basi hadi Dodoma kupitia Tabora, upumzike usiku mmoja, kisha treni ya reli mpya ya SGR hadi Dar. Tangu ilipoanza mwaka 2024, kipande hicho kimekuwa cha saa chache tu, na unafika na shati lisilokunjamana. Kwa vyovyote, panga kufika siku moja kabla ya ufunguzi.

Zanzibar beba kitambulisho cha taifa kwa ajili ya bandarini. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, boti inarushwa, na kuzoea mawimbi ya ziwa hakutakusaidia kama unavyodhani, basi kaa katikati na usile sana. Angalia pia kalenda ya Ramadhani, maana ikiangukia siku za kongamano ratiba ya chakula mjini inabadilika na wewe mgeni ndiye wa kujipanga. Mombasa unahitaji hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukipitia Tanga na Horohoro unaingia kutokea kusini, wakati hoteli nyingi za mikutano ziko kaskazini, upande wa Nyali na Bamburi. Ukifuata njia ya mjini, utavuka feri ya Likoni, utakatiza kisiwa, utapita daraja la Nyali. Jioni ya siku ya kazi usijidanganye kwamba ni mwendo mfupi.

Nguo: uso wa ziwa letu uko takriban mita 770 juu ya bahari na jioni tunapata upepo. Pwani joto lina unyevu, shati la pili la mchana ni lazima. Ukumbini kinyume chake, viyoyozi vinapuliza utadhani wanatunza samaki. Sweta.

Ukishafika, mwandikie yule mtu wako siku ile ile, ingawa ulishamwandikia wiki mbili kabla. Ujumbe mfupi tu: "Shikamoo Profesa, nimefika, bango langu ni namba fulani, naomba dakika kumi chai ya kesho." Wazee wetu wa sayansi hawakatai hilo. Wanachokataa ni kuvutwa shati wakienda chooni. Usijaribu kuhudhuria kila kikao. Chagua viwili kwa siku, kaa mbele, uliza swali moja, anza kwa kutaja jina lako na Kigoma. Watu watakutafuta baadaye kwa sababu ya hilo neno Kigoma, kwani si wengi wanaotoka huku. Slaidi ya kwanza ieleze kipe ni nini, kwa picha. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa hajui mitumbwi miwili iliyounganishwa na wavu wa kuinua katikati, na ukimwacha hapo hatakusikia dakika zinazofuata.

Zawadi ya dagaa inafungua milango mingi, lakini ifungwe mifuko mitatu. Harufu yake ndani ya ndege si ya kutaniwa.

Wiki ya kurudi, kabla ya ripoti ya ofisini, tuma zile barua pepe ulizoahidi: takwimu, picha, makala. Kisha nenda mwaloni uwaeleze wavuvi na viongozi wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mwaloni, ulichosema juu yao na ulichosikia kwa wenzao wa pwani. Usiende usiku wa giza, wako kazini. Subiri mbalamwezi, taa hazivuti dagaa na kipe zimepumzika ufukweni, hapo utawapata wote, na jiandae, kwa sababu watakuuliza kwanza ni nani alilipa hiyo safari.