Kwa Anayeanza Kusoma Histogramu Kutoka kwenye Mafaili ya Kumbukumbu

Ukiwa mgeni katika timu inayopima kasi ya mifumo, huenda faili la kwanza utakalokabidhiwa likawa na mistari michache ya maelezo juu yake, kisha maelfu ya mistari mirefu isiyosomeka kwa macho, ambayo kila mmoja huanza na namba tatu na kuishia kwa mfululizo wa herufi unaoanza na HISTFAAAA. Hilo ni faili la kumbukumbu la HdrHistogram, maktaba ya programu ya kuhifadhi histogramu (hesabu ya mara ngapi kila muda wa kusubiri ulitokea), iliyobuniwa na Gil Tene wa Azul Systems, na ambayo sasa ina matoleo katika lugha nyingi za programu. Wageni wengi hukimbilia kutafuta pasentaili ya 99, yaani thamani isiyozidiwa na asilimia 99 ya vipimo, kabla ya jambo lingine lolote. Ushauri wangu ni kinyume chake: usiulize mfumo ulichelewa kiasi gani mpaka uwe na hakika kila mstari unazungumzia wakati gani, kwa sababu kosa la wakati halionyeshi dalili yoyote kwenye grafu, na grafu hiyo itapendeza vilevile ikiwa imesogea kwa saa tatu.

Uchukue mfano huu, uliofupishwa upande wa kulia:

#[StartTime: 1441812279.474 ...]
0.127,1.007,2.769,HISTFAAAA...

Mstari unaoanza na alama ya reli ni maelezo, lakini si maelezo ya kupuuzwa, kwa kuwa programu inayosoma faili huchota humo wakati ambao urekodi ulianza, ukihesabiwa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC (saa sanifu ya dunia). Katika mstari wa data, namba ya kwanza ni mwanzo wa kipindi, ya pili ni urefu wa kipindi hicho kwa sekunde, ya tatu ni thamani kubwa kuliko zote zilizoonekana ndani yake, na herufi zinazofuata ni histogramu yenyewe, iliyobanwa kisha kuandikwa kwa Base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida. Kila mstari hubeba matukio ya kipindi chake tu. Si jumla inayoendelea kukua, na anayeusoma kama jumla ataona mfumo ukipona ghafla kila sekunde.

Sasa hiyo 0.127 ni saa ngapi? Hapa ndipo pa kutulia. Waandishi wengine wa mafaili huandika muda uliopita tangu mwanzo wa urekodi, na wengine huandika wakati kamili wenye tarakimu kumi kabla ya nukta. Faili likiwa na mstari wa BaseTime, utata unaisha, maana kila namba ya mwanzo wa kipindi hujumlishwa na wakati huo. Usipokuwapo, HistogramLogReader, yaani msomaji wa mafaili haya katika toleo la Java la maktaba, hukisia: ikiwa wakati ulioandikwa kwenye mstari wa kwanza wa data uko nyuma ya StartTime kwa zaidi ya mwaka mmoja, huuchukulia kuwa ni muda uliopita tangu mwanzo, na vinginevyo huuchukulia kuwa ni wakati kamili. Kisio hilo ni la busara na mara nyingi huwa sahihi, ila ni kisio. Kwa hiyo, unapoandika programu yako ya kusoma, chapisha kwanza wakati wa mstari wa kwanza na wa mwisho kwa tarehe inayosomeka na binadamu, kisha ulinganishe na jambo unalolijua kwa hakika, kwa mfano saa ambayo jaribio lilianzishwa. Vilevile usiunganishe mafaili mawili kwa kuyabandika mwisho kwa mwanzo, kwa kuwa kila moja lina mwanzo wake, na mistari ya faili la pili inaweza kuhesabiwa kutoka mwanzo usio wake.

Mstari ulio juu, ukibadilishwa, unaangukia tarehe 9 Septemba 2015, saa 15:24:39 za UTC, ambazo kwa Nairobi na Dar es Salaam ni 18:24:39. Sisi wa ukanda huu tuna mtego wa ziada ambao wenzetu wa kwingine hawaujui: mhudumu wa wateja akiripoti kwamba mfumo ulisimama saa nne asubuhi, huenda akaandika 4:00 kwenye tiketi, na mhandisi akaenda kuitafuta hitilafu saa kumi ya alfajiri, wakati ambapo kila kitu kilikuwa kimya. Tukio lenyewe limo kwenye faili, saa 10:00 za hapa, yaani 07:00 za UTC. Muulize aliyeripoti, na uandike ukanda wa saa kwenye kila grafu unayoitoa.

Jambo jingine dogo, lakini linalosumbua: faili huandika sekunde, ilhali histogramu ikishasomwa kwa Java huubeba wakati wake kwa milisekunde. Ukiona tarehe ya Januari 1970 kwenye matokeo yako, umezipa sekunde jina la milisekunde.

Unapotaka kipande cha muda tu, kuna njia mbili za kuomba. Mbinu ya nextIntervalHistogram hupokea mipaka inayohesabiwa tangu StartTime, na nextAbsoluteIntervalHistogram hupokea wakati kamili. Kuzichanganya hukupa matokeo matupu bila ujumbe wowote wa kosa. Fahamu pia kwamba kinacholinganishwa na mipaka yako ni mwanzo wa kipindi peke yake. Kipindi kilichoanza nusu sekunde kabla ya mpaka wako wa kwanza huachwa chote, na kilichoanza kabla kidogo ya mpaka wa mwisho huingizwa chote. Kwa vipindi vya sekunde moja hilo halidhuru, lakini kwa vipindi vya dakika tano linaweza kuliondoa tukio zima unalolichunguza.

Kuhusu thamani zenyewe nitasema machache. Safu ya tatu imewekwa kwa ajili ya jicho la haraka, na kwa kawaida imegawanywa kwa 1,000,000 ili nanosekunde zionekane kama milisekunde, ilhali thamani zilizomo ndani ya histogramu hazikugawanywa. Msomaji wa Java huiruka safu hiyo kabisa. Muulize aliyeandika programu ya kurekodi alitumia kipimo gani, maana faili halilazimiki kukitaja. Na mistari ikianza na Tag=, itenganishe kwa lebo zake kabla ya hesabu yoyote, la sivyo utachanganya maombi ya kusoma na ya kuandika katika kapu moja.

Sababu kubwa ya kuhifadhi histogramu nzima badala ya pasentaili ni kwamba histogramu hujumlishika. Tuseme katika dakika ya kwanza yalikuja maombi 100, na yote yakachukua milisekunde 2,000, kisha katika dakika ya pili yakaja maombi 99,900, na yote yakachukua milisekunde 20. Anayechukua wastani wa pasentaili za 99 za dakika hizo mbili atapata milisekunde 1,010, muda ambao hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeusubiri. Ukizijumlisha histogramu kwanza, kisha ukaiuliza jumla hiyo pasentaili ya 99, utapata 20, na thamani kubwa kabisa itabaki 2,000. Majibu hayo mawili ni ya kweli, nayo yanapaswa kuripotiwa pamoja.

Mwisho, usiidharau safu ya pili. Kipindi kilichopangwa kuwa cha sekunde moja mara nyingi huandikwa 1.007 au kitu cha karibu, na ndiyo maana idadi ya maombi kwa sekunde hupatikana kwa kugawanya kwa urefu ulioandikwa, si kwa ule uliokusudiwa. Lakini ukikutana na 4.3 katikati ya mistari ya sekunde moja, simama hapo, kwa sababu huenda programu iliyokuwa ikirekodi ilisimama yenyewe. Ikiwa ndiyo iliyokuwa ikituma maombi, moja kila milisekunde 10 na kila mara ikisubiri jibu kabla ya kutuma jingine, basi sava ikikwama kwa sekunde moja, tukio hilo litaandikwa mara moja tu, na maombi mengine yapatayo 99 ambayo yangesubiri hayataonekana popote. Pasentaili zitatoka nzuri kwa kukosa ushahidi. Maktaba ina mbinu ya copyCorrectedForCoordinatedOmission, ambayo ukiitajia nafasi iliyotarajiwa kati ya ombi na ombi hukadiria yaliyokosekana. Itumie tu baada ya kuthibitisha kwamba kifaa cha majaribio hakikuanza kuhesabu muda tangu wakati ombi lilipopaswa kutumwa, kwa kuwa data ya namna hiyo tayari ina ucheleweshaji wote, na kuirekebisha tena ni kuuhesabu mara mbili.