Maswali na Majibu: Mwanamke wa Ugiriki ya Kale, Nyumba Yake na Mali Yake

Ugiriki ya kale haikuwa nchi moja. Ilikuwa miji mingi, kila mji na sheria zake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mwanamke wa Kigiriki", muulize kwanza: wa mji gani, na mwenye nacho au asiye nacho? Majibu mengi hapa chini ni ya Athens ya karne ya 5 na ya 4 K.K., kwa kuwa huko ndiko maandishi mengi yalikosalia, na karibu yote yameandikwa na wanaume.

Ni kweli wanawake wa Athens walifungiwa ndani maisha yao yote?

La. Kukaa ndani kulikuwa heshima, na heshima hiyo ilitaka uwezo. Mwenye kijakazi wa kuteka maji na kutumwa sokoni alibaki nyumbani. Asiye naye alitoka mwenyewe. Mwanafalsafa Aristotle aliuliza waziwazi: wake za maskini utawazuiaje wasitoke? Kuna kesi ya miaka ya 340 K.K. ambapo mtu aitwaye Euxitheus alipigania uraia wake. Wapinzani wake walimsuta kwamba mama yake aliuza utepe sokoni na aliwahi kunyonyesha watoto wa watu kwa ujira. Hakukana. Alisema ni umaskini, na umaskini haumvui mtu uraia.

Habari za "chumba cha wanawake" nazo hutiwa chumvi. Katika kesi nyingine, bwana mmoja aitwaye Euphiletus alieleza kwamba nyumba yake ilikuwa na ghorofa, wanawake wakikaa juu na wanaume chini. Alipozaliwa mtoto, wakabadilishana, ili mke asiwe anashuka ngazi kila anapomwosha mtoto, akaja kuanguka. Sheria gani ya kutenga wanawake hiyo inayopinduliwa na beseni la kuogea mtoto? (Mwanamume aliyezini na mke huyo naye alinufaika na mabadiliko hayo, na ndiyo maana kesi ikafika mahakamani: mume alimfumania akamuua.)

Wachimbuaji wa Olynthus, mji ulioharibiwa mwaka 348 K.K., wanakitambua kwa urahisi chumba cha wageni wa kiume: mlango wake hauko katikati ya ukuta, na kando ya kuta sakafu imeinuliwa kidogo pa kuwekea vitanda vya kuegemea. Chumba cha wanawake hakitambuliki hivyo. Vifaa vya kufumia vimeokotwa uani, barazani, vyumbani, kila mahali. Anayezijua nyumba za mawe za Lamu, ambako mgeni wa kiume hukomea dakani, baraza ya mlangoni, ataelewa upesi: aliyetengewa mahali ni mgeni, na nyumba iliyobaki ni ya mwanamke.

Mahari ilikuwaje, na nani alilipa?

Hapa ndipo tafsiri zetu zinapopotosha. Neno la Kigiriki ni proika, na ilikwenda kinyume na mahari yetu: baba wa binti ndiye aliyetoa, mume akapokea. (Katika tenzi za Homer, zilizo za zamani zaidi, bwana harusi ndiye anayetoa zawadi. Usichanganye nyakati hizo mbili.)

Mume alipokea, lakini hakuimiliki moja kwa moja. Aliitumia, na faida yake ikamlisha mke. Ndoa ikivunjika, alipaswa kuirudisha yote kwa kirio wa mwanamke, yaani msimamizi wake wa kisheria: baba, na kama hayupo, kaka au ndugu mwingine wa kiume. Wanaojua kazi ya walii katika ndoa ya Kiislamu wana pa kuanzia, ila kirio aliendelea na kazi hiyo maisha yote ya mwanamke, na baada ya harusi kwa kawaida mume ndiye aliyeishika.

Mume akichelewa kurudisha, alitozwa riba ya oboli 9 kwa kila mina kwa mwezi. Mina moja ni drakma 100, na drakma moja ni oboli 6, kwa hiyo ni oboli 9 juu ya 600: asilimia 1.5 kwa mwezi, 18 kwa mwaka. Kwa proika ya drakma 3,000, riba ya mwaka ni drakma 540, wakati ambapo fundi alilipwa kama drakma moja kwa siku. Mume mwenye tamaa alifikiri mara mbili kabla ya kumfukuza mke. Proika ndogo, au kutokuwa nayo kabisa, ilimwacha mwanamke bila ngao hiyo.

Mume aliyetaka talaka alimrudisha tu mke kwao. Mke aliyetaka kuondoka alitakiwa kwenda mwenyewe kwa afisa wa mji, arkoni, na kuandikisha. Hipparete, mke wa mwanasiasa Alcibiades, alikwenda. Mumewe akamkuta huko, akambeba mzobemzobe kupitia sokoni hadi nyumbani, wala hakuna aliyethubutu kumzuia. Haki ilikuwa imeandikwa. Kuifikia ndiko kulikokuwa kugumu.

Mwanamke aliweza kununua na kuuza?

Athens, hadi thamani ya medimno moja ya shayiri, kama lita 52, yaani madebe mawili na nusu hivi. Kinatosha cha kuendesha nyumba na genge. Shamba au nyumba, hapana, labda kirio wake aingie.

Baba akifa ameacha binti tu, urithi unakwenda wapi?

Binti huyo aliitwa epiklero. Mali ilishikamana naye bila kuwa yake, ikawasubiri watoto wake wa kiume. Ili isitoke nje ya ukoo, jamaa wa kiume wa karibu zaidi upande wa baba alikuwa na haki ya kumwoa, kuanzia ami yake, kisha watoto wa ami. Mwanawe akishapita miaka miwili baada ya kubalehe, alichukua mali na akawajibika kumlisha mama yake.

Utaratibu huu ulivunja ndoa za watu wengine. Yule mama wa Euxitheus aliyeuza utepe aliwahi kuwa na mume mwingine kabla, mtu maskini. Siku moja mume huyo akaangukiwa na haki ya kumwoa epiklero tajiri. Akamtafutia mkewe mume mpya, akamkabidhi, akaenda kwenye mali.

Sasa vuka bahari hadi Gortyn, katika kisiwa cha Krete. Sheria zao zilichongwa ukutani katikati ya karne ya 5 K.K., safu 12, mistari zaidi ya 600, na bado zinasomeka. Pale binti alirithi nusu ya fungu la kaka yake, na fungu hilo lilikuwa mali yake mwenyewe. Akiachika, aliondoka na alichokuja nacho, nusu ya mazao yaliyotokana na mali yake, na nusu ya nguo alizofuma. Kosa likiwa la mume, aliongezewa sarafu 5 ziitwazo stateri. Binti mrithi asiyetaka kuolewa na jamaa yake aliweza kumkataa, kwa kumwachia sehemu ya mali.

Kwa nini husemwa wanawake wa Sparta walikuwa huru?

Kwa sababu walikimbia na kushindana hadharani, waliolewa wakiwa wamekomaa zaidi kuliko mabinti wa Athens walioozwa na miaka 14 au 15, na walimiliki ardhi. Aristotle, aliyelalamika sana juu ya jambo hilo, anasema karibu mbili ya tano ya ardhi yote ilikuwa mikononi mwao. Cynisca, dada wa mfalme Agesilaus, alishinda mashindano ya magari ya farasi huko Olympia mwaka 396 na tena 392 K.K. Hakuendesha, taji lilikwenda kwa mwenye farasi. Mwanahistoria Xenophon anadai Agesilaus ndiye aliyemshawishi dada yake, ili kuonyesha kwamba ushindi huo ni wa pesa tu. Cynisca mwenyewe alisimamisha sanamu, na maandishi yake yanasema ni yeye pekee kati ya wanawake wa Ugiriki yote aliyetwaa taji hilo.

Lakini uliza nani alifuma nguo za Wasparta na nani aliwalimia. Watumwa na maheloti, yaani watu waliotiishwa na Sparta na kulazimishwa kuilimia, wanawake na wanaume.

Kufuma nguo kulichukua hatua gani?

Hii ndiyo kazi iliyokula siku za mwanamke, awe mke wa tajiri au kijakazi. Sufu ya kondoo ilioshwa kwanza kutoa mafuta na kinyesi. Ikatandazwa na kupigwa kwa fimbo, ikachambuliwa miiba, kisha ikachanwa. Halafu mfumaji alikaa, akafunika paja na goti kwa kigae kilichopinda chenye mgongo wa magamba, akaviringisha sufu juu yake kuwa mikanda milaini. Ndipo akasokota uzi kwa kijiti chenye kigurudumu kidogo chini, kikizunguka hewani kama pia. Kusokota ndiko kulikokula muda zaidi, kupita kufuma kwenyewe kwa mbali.

Kitanda cha kufumia kilisimama: nguzo mbili zimeegemezwa ukutani, mti mmoja juu, na nyuzi za mtande zinaning'inia. Chini zilifungwa kwa mafungu kwenye vipande vya udongo vilivyotobolewa, kila kimoja kikivuta kama timazi ya fundi mwashi. Kufuma kulianzia juu, na mshindio, uzi unaokingama, ukapigwa kwenda juu, kwa hiyo mfumaji alisimama na kutembea huku na huku.

Ugumu uko kwenye uzito. Uzi mwembamba unataka kama gramu 10 za kuuvuta, mnene 30 au zaidi. Kipande cha gramu 200 kinabeba nyuzi nyembamba 20, au nene sita saba. Ukifunga nyuzi chache mno, zinakatika. Ukizidisha, zinalegea, na kitambaa kinatoka na mawimbi yasiyonyooka tena.

Tunaigiza tamthilia ya Kigiriki shuleni. Peplo, lile vazi la wanawake, inashonwaje?

Haishonwi. Nyosha mikono, pima kiwiko hadi kiwiko, zidisha mara mbili: huo ndio upana, kama mita 1.8 hadi 2. Urefu ni bega hadi sakafuni, ongeza sentimita 45. Shuka la kitanda cha sita kwa sita linatosha. Kunja zile sentimita 45 kwa nje juu, zungushia mwili ubavu mmoja ukibaki wazi, bana kila bega kwa pini, funga mkanda.

Kosa la kawaida ni kubana pini mbalimbali mno, kola ikaanguka kifuani. Acha sentimita 25 hivi kati yake. Kitambaa cha nailoni huteleza. Khanga mbili ukiziunga zinafika, bila ule mkunjo wa juu, ila jina lake litasomeka na Athena atakuwa anawapiga watu vijembe.

Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba wanawake wa Athens walimuua kwa pini hizo askari mmoja aliyerudi peke yake kutoka vitani, kila mmoja akimuuliza mume wake yuko wapi. Baada ya hapo, anasema, wakavishwa vazi la kitani lisilohitaji pini.

Agnodike, daktari aliyejifanya mwanamume, ni kisa cha kweli?

Ni hadithi. Imeandikwa na Hyginus peke yake, kwa Kilatini, karne nyingi baadaye, ikidai kwamba kabla yake Athens haikuwa na wakunga. Wakunga walikuwapo, ila majina ya wanawake ni adimu katika maandishi. Mahakamani wasemaji walikwepa kumtaja mwanamke mwenye heshima aliye hai, wakasema "mke wa fulani" au "binti wa fulani", ndiyo maana majina ya wengi yanapatikana makaburini. Jiwe moja la karne ya 4 K.K. linamtaja Phanostrate, mkunga na tabibu, ambaye hakumuumiza mtu yeyote, na alipokufa wote walimlilia.