Waya wa Ardhi Usiukate: Umeme wa Nchi Kavu Ndani ya Mashua

Mashua yangu ni ya mbao, futi 28, ina tanga moja na injini ndogo ya dizeli. Huifunga hapa Lamu kwenye gati dogo la karakana ya jirani, na kazi yake ni kupeleka wageni Manda Toto na Kiwayu. Siku za jua sola hunitosha. Masika yakiingia, mawingu yakatanda siku tatu mfululizo na friji ya samaki inanguruma usiku kucha, betri huisha. Ndipo nilipoanza kuvuta umeme wa karakana hadi chomboni.

Nilianza kama wengi wanavyoanza: ekstensheni nyeupe ya dukani, imepitishwa dirishani, chaja imewekwa juu ya ubao. Miezi mitatu baadaye nilipiga mbizi kuangalia rafadha nikakuta zinki ya shafti, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe na kutu badala ya rafadha, ambayo kwa kawaida hunikalia mwaka mzima, imebaki kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Fundi mmoja akaniambia kinachoila ni ule waya wa ardhi, wa kijani na manjano. Akafungua plagi, akaukata.

Kuhusu chanzo alisema kweli. Dawa aliyotoa ndiyo nusura ituulie mtoto.

Wiki chache baadaye, maji yamekupwa na mashua imekaa juu ya matope, mpwa wangu alikuwa chini anasugua ubavu. Chaja ilikuwa inafanya kazi. Alipoushika mkono wa rafadha ili ainuke, alipiga kelele moja akaanguka kwa mgongo. Vidole vyake vilikaa na ganzi hadi magharibi. Tulipofungua chaja tulikuta chumvi imetambaa ndani na waya moto, ule unaoleta umeme, umegusa kasha lake la bati. Kasha lile limeungana na hasi ya betri, hasi imeungana na injini, injini imeungana na shafti. Umeme wa volti 240 ulikuwa umesimama kwenye rafadha ukingoja mtu, kwa kuwa njia yake ya kurudi tulikuwa tumeikata kwa mkasi.

Tangu siku hiyo nimeivua mifumo yote na kuipanga upya, na mtu akiniuliza huanza na waya wa ardhi kabla ya jambo jingine lolote. Waya huu una kazi mbili zinazovutana. Chombo kikiwa na hitilafu, ndio unaochukua umeme uliopotea na kuurudisha, swichi ikaruka, mtu akapona. Lakini kupitia waya huohuo mashua yako imefungwa na nguzo za chuma za gati na kila chombo kingine kilichochomekwa hapo. Rafadha ya shaba, shafti ya chuma, nguzo za gati, na maji ya chumvi katikati: hiyo ni betri kamili, na kinacholiwa kwanza ni zinki yako. Zinki ikiisha, zamu ni ya vyuma vyako vingine vilivyo majini.

Dawa yake ni aisoleta ya galvaniki, kisanduku kidogo chenye dayodi ndani, kinachofungwa kwenye waya wa ardhi pale unapoingia chomboni. Huzuia ule umeme mdogo wa kula chuma, hadi karibu volti 1.2, ila hitilafu kubwa ikitokea huupitisha umeme mara moja. Nunua inayobeba angalau ampea sawa na za tundu lako la kuingizia. Hela ikiwa haijapatikana, chomoa waya mzima ukimaliza kuchaji. Kuukata wa ardhi peke yake, kamwe.

Wenye vyombo vya mbao tuna tahadhari ya ziada. Usiongeze zinki ovyo ukidhani ndiyo kinga. Zikizidi, huzalisha magadi kuzunguka bolti zilizo majini na mbao hulainika. Nimeona kwa macho yangu: nilifungua bolti moja karibu na shafti, mbao iliyoizunguka ikatoka nyeupe, nyuzinyuzi, laini kama pamba mbichi. Ukucha ulizama. Wazee waliounda mitepe ya kushonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, hawakuwa na balaa hili.

Jambo la pili ni swichi inayokata umeme ukivuja, ile madukani wanayoiita RCD, yenye kitufe cha T na maandishi 30mA. Weka moja karakanani na nyingine chomboni, karibu kabisa na pale umeme unapoingia. Kwetu pwani ni lazima zaidi, kwani fimbo ya ardhi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu haishiki ardhi vizuri, na fyuzi ya kawaida huenda isikatike kabisa umeme ukivuja. RCD haihitaji ardhi nzuri sana. Hushtuka kwa uvujaji mdogo. Bonyeza kitufe chake kila unapochomeka. Isiporuka, ni mbovu, itoe. Kwa upande wa chomboni hakikisha swichi kuu inakata waya moto na nyutro, ule wa kurudishia umeme, kwa pamoja, kwa sababu soketi za nchi kavu nyingine zimefungwa kinyume. Nina kipimo kidogo cha taa tatu cha kuchomeka kwenye soketi. Kikionyesha waya zimepishana, sichaji hapo.

Tundu la kuingizia ni lile la bluu la pini tatu, la ampea 16, na mimi nimelifunga juu upande wa tezi, mahali kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, haipiti. Pini ziwe upande wa chombo, matundu yawe kwenye waya unaotoka gatini. Mtu akikutengenezea waya wenye pini pande zote mbili, mkatalie: pini zilizo wazi zenye umeme ni mauti. Ukichomeka, anza chomboni kisha nchi kavu. Ukichomoa, anza nchi kavu.

Waya wenyewe uwe wa mpira, nyuzi nyingi laini, milimita mraba 2.5. Ndani ya chombo tafuta shaba iliyopakwa bati. Nilipomenya zile waya zangu za zamani za nyumbani, shaba ilikuwa nyeusi kama masizi shubiri nzima kutoka kwenye kiungo, na kiungo chenyewe kilikuwa kimesokotwa na kuzungushwa tepu. Minya viungo kwa koleo la kuminyia na vishikizo vya kuminywa. Usitegemee risasi ya kuchomelea; hufanya waya uwe mgumu, na mtikiso wa injini huuvunja pembeni ya risasi.

Kuhusu mzigo sina mengi. Chaja ya ampea 30 kwenye betri za volti 12 hula kama ampea 2 tu za umeme wa nchi kavu. Birika ya wati 2000 hula zaidi ya 8. Plagi zetu za pini za mraba zina fyuzi ya ampea 13, basi mimi nimeweka swichi ya ampea 10 na chai napika kwa gesi.

Kilichobaki ni maji yenyewe. Kwenye bamvua bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na mashua hushuka nayo. Mara ya kwanza niliufunga waya vizuri, ukakaza kama uzi wa ngoma. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akaniita, "Yeo ni bamvua, mwanangu." Nilirudi saa moja kabla ya maji kupwa kabisa nikakuta plagi inang'oka kwenye tundu. Sasa waya una kamba yake ya kushikia mvuto, iliyofungwa gatini na chomboni, ili plagi isibebe uzito wowote. Nimeacha ulegevu wa kutosha kwa maji kupwa, na kitanzi kimening'inia chini ya tundu ili mvua idondoke hapo badala ya kuingia ndani. Kwenye maji kujaa, ule ulegevu naupandisha kwenye ndoana ya mbao usiguse bahari. Waya uliobaki haukai umezungushwa kama koili, maana ukizungushwa hupata moto; huutandaza juu ya gati, na kabla ya kulala naupitishia kiganja kutoka plagi hadi plagi. Nikihisi joto mahali, nazima.