Mikumi na Udzungwa kwa kikundi kutoka Dar: anzeni na mlima, wanyama wawe wa mwisho

Mleta mada ameuliza hivi: wako 20, kikundi cha mazoezi cha Tabata, wana siku tatu mwezi wa nane. Wanataka mandhari, wanataka kupanda na kuoga kwenye maporomoko, wanataka na wanyama, na kosta wanayo tayari. Waendeje?

Wakuu wengi hapo juu wamejibu "Mikumi" wakaondoka zao. Sawa, lakini Mikumi peke yake inakupa kitu kimoja kati ya vitatu. Hifadhi ya Nyerere ni kubwa na ina boti za mto Rufiji, ila mlima huna. Saadani ni nzuri kwa mwenye siku moja, anayetaka mnyama na bahari kwa mkupuo. Kwa mlichoomba, na kwa kosta, jibu ni Hifadhi ya Milima ya Udzungwa pamoja na Mikumi. Ziko njia moja na zote mnaziingilia mkoa wa Morogoro.

Sisi ni kikundi cha jogging cha Mbagala, tumeenda mara mbili. Mara ya kwanza tuliharibu, ya pili tukapatia. Pesa ilikuwa ileile karibu, dereva yuleyule. Tulichobadilisha ni kipi kitangulie.

Safari ya kwanza tulianza na wanyama, kwa sababu Mikumi ndiyo hifadhi unayoikuta kwanza ukitoka Dar, na nani atapita hapo akasubiri? Tulifika Mikumi mjini Ijumaa jioni. Mnajua kikundi cha watu wa Dar kikifika mahali Ijumaa jioni. Mbuzi, spika, bia, mpaka saa nane usiku. Makubaliano yalikuwa saa kumi na mbili asubuhi tuwe getini. Tulifika saa nne kasoro. Hapo bado kuna foleni ya malipo, na wenzetu wawili wameacha vitambulisho nyumbani. Tulipoingia jua lilikuwa limeshawaka, simba kajilalia kivulini anakojua mwenyewe, tukaona swala pala wengi, twiga, pundamilia, na vumbi. Waliokuja kwa ajili ya simba wakanuna.

Kesho yake tukakimbilia Udzungwa, tukafika saa nane mchana na viatu vyetu vipya. Askari wa hifadhi akatutazama, akatazama saa, akasema kwa upole kwamba maporomoko ya Sanje hatupandi tena siku hiyo, giza litatukuta msituni. Tulikasirika sana. Alikuwa sahihi kabisa, ila ilinichukua mwaka mzima kukubali.

Mara ya pili tuligeuza. Tulitoka Mbagala saa tisa usiku ili saa kumi tuwe tumeshaivuka Kimara na Mbezi. Mkichelewa hapo hata saa moja tu, Kibaha mtaiona mkiwa mmeshachoka. Chai Chalinze. Ukikaribia Morogoro, Milima ya Uluguru inajitokeza kushoto, mawingu yameikalia, na waliolala wote wanaamka kupiga picha. Halafu mnaikata Hifadhi ya Mikumi kwa barabara kuu ya Iringa, kama kilomita 50 mko ndani ya hifadhi bila kusimama. Tembo na twiga mnaweza kuwaona dirishani. Mwambieni dereva apunguze mwendo, na asisimame mtu akashuka kujipiga picha. Lile bango la faini za kugonga wanyama halikuwekwa kwa utani.

Mikumi mjini mnakunja kushoto kuelekea Kidatu. Mnapita mashamba ya miwa ya Kilombero, mnavuka Ruaha Mkuu, mnafika Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa. Lami ipo. Sisi tulifika saa nane mchana, na siku hiyo hatukupanda chochote kikubwa. Tulitembea kidogo tu mpaka maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mume wa aliyekuwa malkia wa Uholanzi, Juliana, ambaye alikuja hifadhi ilipofunguliwa mwaka 1992. Ni karibu na ofisi. Mama mmoja wa kikundi chetu, ana miaka 61 na goti bovu, alifika na kurudi bila shida. Kama mna watu wa namna hiyo, hapo ndipo pao, na kesho yake msiwalazimishe Sanje.

Sasa Sanje. Njia inaanzia kijiji cha Sanje, kilomita chache kutoka Mang'ula, na lazima uwe na mwongozaji. Udzungwa haina barabara ya gari ndani, kilomita za mraba 1,990 zote ni za miguu, kwa hiyo yule mwenzenu anayesema "mimi nitabaki kwenye gari nione" mwambieni mapema. Tulianza saa mbili asubuhi. Saa ya kwanza ni kupanda tu msituni, mizizi ndiyo ngazi. Mnafanya mazoezi, mtadhani ni rahisi. Kukimbia barabara ya lami ya Dar, tambarare, hakufundishi mapaja kupanda. Wakimbiaji wetu wa kilomita 21 ndio walioanza kuomba maji kwanza, na dada mmoja muuza mboga, ambaye mazoezini huwa wa mwisho, alitangulia mpaka juu.

Maporomoko yana zaidi ya mita 170 yakianguka kwa hatua. Kuna dimbwi la kuoga, maji ni baridi ya kukata pumzi, na hakuna aliyekubali kutoka. Juu unaliona bonde lote la Kilombero, miwa imepangwa kama mkeka. Njiani mwongozaji alitusimamisha tuangalie mbega wekundu. Akatuambia kuna mangabei wa Sanje, aina ya kima, ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 tu, na duniani hawapo kwingine ila milima hii. Mwaka 1979! Mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Sisi hatukuwaona, tuliwasikia tu, na nakwambia ukweli ili usije ukawaahidi watu.

Tulishuka saa nane, tukala, tukapanda kosta kurudi Mikumi mjini, tukafika magharibi. Na hapa ndipo ujanja ulipo. Mapaja yalikuwa yamekufa. Mwenye spika aliiwasha, akaimba nusu wimbo, akaizima mwenyewe. Saa tatu usiku nyumba nzima ilikuwa inakoroma. Saa kumi na moja alfajiri watu waliamka bila kuamshwa, wameoga, wanauliza gari liko wapi. Hakuna kiongozi wa kikundi atakayeweza kuwalaza watu wa Dar mapema kwa maneno. Mlima unaweza.

Saa kumi na mbili tulikuwa getini, na malipo tulikuwa tumeshamaliza. Hilo lishughulikieni mkiwa Dar: mnapewa namba ya malipo (control number), mnalipa kwa simu au benki, pesa taslimu hazipokelewi. Kila mtu aje na kitambulisho cha taifa, maana bei ya Mtanzania na ya mgeni haziko karibu hata kidogo. Mkiwa na rafiki kutoka nje, mwambieni bei yake kabla hajatoka nyumbani, isije ikawa ugomvi getini.

Kuhusu gari la ndani, kosta inapita kiangazi, lakini dirisha lake ni dogo na watu wa upande mmoja hawaoni kitu. Mara ya kwanza kuna wakala alituahidi magari ya paa la kufunguka, akachukua malipo ya awali, asubuhi akaja na kosta nyingine mbovu kuliko yetu. Mara ya pili tulikodi Land Cruiser palepale Mikumi mjini, tukaziona kwa macho na kuzijaribu paa kabla ya kulipa. Nendeni tambarare za Mkata kwanza, bwawa la viboko baadaye, kwa sababu kiboko hana haraka. Tuliwakuta simba majike wawili wamelala pembeni mwa njia, manyoya yamelowa umande, hawakutuinulia hata kichwa. Nyati kundi zima, tembo na watoto. Saa tano jua likapanda, wanyama wakajificha, na sisi tulikuwa tumeshashiba.

Jambo la fulana. Najua mtashona, vikundi vyote tunashona. Za kwetu za safari ya kwanza zilikuwa bluu iliyokoza, na mbung'o wanaipenda rangi hiyo kama nzi na embe. Wakaingia garini, wakang'ata watu juu ya kitambaa. Shoneni kaki au kijani kilichopauka. Ila msishone za mabakabaka kama ya jeshi, mtaishia kituoni Chalinze.

Michango: usiwahesabu walioandika "nipo" kwenye grupu, hesabu waliotuma pesa. Sisi "nipo" zilikuwa 26, waliopanda gari 17, na pengo lilizibwa na mweka hazina aliyeshaahidi dereva. Wekeni tarehe ya mwisho wiki tatu kabla, asiyelipa nusu kiti chake kitolewe, hata akiwa mwenyekiti.

Mwenye kuuliza treni ya SGR, reli mpya ya umeme: inafika Morogoro kwa muda wa kama saa mbili, na ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Kwa watu wanne ningeichagua bila kufikiri. Kwa 20 bado mtahitaji gari kuanzia Morogoro, na kosta yenu ipo tayari.

Mwezi wa nane ni mzuri, tope jeusi la Mikumi limekauka na njia ya Sanje haitelezi sana. Viatu tu, waambie waanze kuvivaa wiki hii. Mwenzetu alivaa vipya siku ya mlima, akashuka Sanje na kandambili za mwongozaji.