Jina langu lilinitangulia kwenye usaili

Mwaka 2016 nilifunga akaunti yangu ya Facebook, na kwa miaka mitatu iliyofuata sikuwa na ukurasa wowote mtandaoni. Sababu ilikuwa msiba. Ndugu yetu mmoja alirusha picha za baba yangu akiwa kitandani hospitalini, na watu nisiowajua wakawa wanatoa pole wakati mama mwenyewe hajaambiwa kwamba hali imebadilika. Niliapa kwamba mambo ya nyumbani kwetu hayatapita tena mikononi mwa wageni, na uamuzi huo siujutii hadi leo. Nilichokosea ni kudhani kwamba nilipoondoka mimi, jina langu nalo liliondoka.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani mtu anayekadiria vipimo na gharama za ujenzi. Mwaka 2019 niliitwa kwenye usaili na kampuni moja ya ujenzi jijini Dar es Salaam. Nilijiandaa kwa maswali ya vipimo, bei za vifaa na mikataba, lakini swali la tatu lilikuwa kama ningeweza kuhudumia wateja ambao siasa zao sizipendi. Sikulielewa. Mjumbe mmoja wa jopo akanigeuzia kompyuta yake, nikaona ukurasa wa mtu mwenye jina langu la kwanza na la ukoo, usio na picha ya uso, uliojaa maneno makali ya kisiasa na matusi. Nilieleza kwamba si wangu. Walinisikiliza kwa adabu, ila waliponiuliza wangu ni upi sikuwa na cha kuwaonyesha, na jibu la kwamba sina ukurasa wowote lilisikika kama la mtu anayeficha jambo. Kazi sikuipata. Siwezi kuthibitisha kwamba sababu ni hiyo, kwa kuwa hawakuniandikia lolote, lakini nusu ya dakika 40 nilizopewa ilikwisha nikijitetea kwa maneno ambayo sikuyasema.

Yule mwenye ukurasa hakunikosea. Jina lake alipewa na wazazi wake kama nilivyopewa langu, na maoni yake ya siasa ni haki yake. Nilipotulia ndipo nilipoelewa kwamba pale ambapo wewe hupo, mtu anayekutafuta hakuti uwanja mtupu. Hukuta wenye majina kama yako, picha ulizopigwa harusini ukatajwa jina, na chochote ambacho wengine wameandika juu yako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu majina. Kwetu Tanzania vyeti vingi huandikwa majina matatu, la mtu mwenyewe, la baba na la babu, lakini mtandaoni wengi wetu hutumia mawili tu au jina la utani. Fungua ukurasa mmoja wa kazi, na uuandike kwa majina yote matatu, kwa tahajia ileile iliyo kwenye cheti chako. Mimi nilichagua LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Niliweka chuo nilichosoma, usajili wangu katika Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, aina za miradi niliyoifanya bila kutaja wateja, na picha moja ya uso. Sikuandika mtaa ninaoishi, wala habari za mke na watoto. Kazi hiyo ilinichukua jioni moja, na tangu hapo huingia mara chache kwa mwaka kurekebisha. Wanaosema kwamba lazima uandike kila siku ndipo uajiriwe wanawatwisha vijana mzigo usio wa lazima.

Ikiwa bado uko kazini na unatafuta pengine, zima kwanza taarifa zinazowafikia wenzako kila unapobadilisha wasifu wako. Alama ya kuonyesha kwamba unatafuta kazi inaweza kuelekezwa kwa wanaoajiri pekee, na LinkedIn hujaribu kuwaficha walio katika kampuni yako, ila haitoi dhamana kwamba hawataiona. Kumbuka pia kwamba ukifungua ukurasa wa mtu mwingine anaweza kujua kwamba umemtembelea, isipokuwa umechagua kutazama kwa siri.

Jambo linaloniumiza zaidi ni wasifu kamili wa kuombea kazi (CV) unaorushwa hadharani. Katika makundi ya WhatsApp na Telegram ya watafuta kazi, karibu kila wiki naona faili la kijana lenye tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na chini yake wadhamini watatu na namba zao za simu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo aliyeipata hahitaji kukuuliza umri wako. Wadhamini nao hawakukubali kujulikana na kundi zima; walikubali kupigiwa simu na mwajiri mmoja. Mdhamini wangu, mwalimu aliyenifundisha chuoni, alipigiwa na tapeli aliyejifanya mwajiri na kumwomba fedha za uchunguzi wa afya kwa niaba yangu. Alinitafuta kabla ya kutuma, lakini aibu niliyoipata siisahau, kwa kuwa namba ile niliisambaza mimi. Tayarisha nakala mbili: ya hadharani yenye elimu, ujuzi na barua pepe tu, na kamili utakayomkabidhi mwajiri unayemfahamu, baada ya kuwaarifu wadhamini. Vyeti usivipige picha na kuvirusha siku ya mahafali, hata kama furaha imekuzidi. Picha safi ya cheti ndiyo anayoitafuta mghushi.

Machapisho ya zamani yana dawa nyepesi kiasi. Facebook ina sehemu moja inayogeuza machapisho yote yaliyokuwa ya watu wote yawe ya marafiki pekee, na nyingine inayokuwezesha kukagua picha uliyotajwa kabla haijaonekana kwenye ukurasa wako. Ukiamua kufuta akaunti kabisa, una siku 30 za kughairi, na hata baada ya hapo ujumbe uliowatumia wengine hubaki kwao. Nilichoandika nikiwa na miaka 20 nilikifunga, nikafuta machache yaliyokuwa na lugha ya kuwaumiza watu. Sikufuta maoni yangu, wala simshauri mtu awe bubu ili aajiriwe.

Kwa wanaoomba masomo Marekani hesabu ni tofauti. Tangu mwaka 2019 fomu ya viza huuliza akaunti za mitandao ulizotumia katika miaka 5 iliyopita, na mwezi Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi walitakiwa kuziacha wazi wakati maombi yao yanashughulikiwa. Mimi naona ni kupekua nyumba ya mtu, lakini kudanganya kwenye fomu hiyo ni hatari kubwa kuliko chapisho lolote, basi jaza ukweli.

Sheria zetu nazo si kimya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla ya hiyo ilikuwepo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inakataza ubaguzi kwa misingi kama ujauzito, dini, hali ya ndoa na maoni ya kisiasa, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji wa kazi. Laiti ningeijua mwaka 2019, ningejibu lile swali la tatu kwa namna nyingine.

Leo mimi mwenyewe hukaa upande wa pili wa meza. Katika usaili wangu wa kwanza kama mjumbe, mwenzangu alikuja na simu iliyojaa kurasa za waombaji, na kabla dada mmoja hajaingia tulikuwa tayari tumeonyeshwa picha zake akiwa mjamzito. Hakuna aliyesema neno, lakini hakuna aliyeweza kujifanya hajaona, na nilipomwuliza kuhusu safari za mikoani nilijisikia ninamwuliza kwa sababu ya zile picha. Nililipeleka suala hilo kwa mkurugenzi. Sasa hakuna mjumbe anayemtafuta mwombaji mtandaoni kabla ya alama za usaili kukabidhiwa. Baada ya hapo, mtu mmoja asiye kwenye jopo huhakiki elimu, usajili na kazi zilizotajwa tu, na lolote linalotia shaka huonyeshwa mwombaji mwenyewe ili apate kulijibu kabla ya uamuzi kufanywa. Mwaka jana kijana mmoja alionyeshwa ukurasa wenye jina lake. Alisema si wake, akafungua ule wa majina yake matatu, na suala lote likachukua dakika mbili.