Pikipiki mpya: jadili jumla, si bei ya kibandiko

Bei iliyobandikwa kwenye pikipiki mpya siyo utakayolipa. Juu yake huja ada ya usafirishaji, ya kuunganisha na kuandaa, ya makaratasi, kodi, usajili, pengine na bima. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja kabla ya mengine yote: "Mpaka natoka nayo hapa, nalipa jumla ngapi?" Akuandikie, kila ada na mstari wake.

Chukulia imeandikwa 100 na ada zinafika 12. Ukipunguziwa 5, bado unalipa 107. Duka la pili linaweza kukataa kupunguza hata senti, lakini ada zake ni 6 tu, na hapo umeokoa zaidi. Kodi na usajili ni vya serikali, muuzaji hana mamlaka navyo. Ada ya maandalizi na ya makaratasi kwa kawaida anaipanga mwenyewe, basi kazana hapo.

Kusanya bei za maandishi kutoka maduka matatu hivi, za modeli ileile na mwaka uleule. Mwenye bei ndogo umtumie kama kipimo kwa yule aliye karibu nawe, maana sevisi utafanyia huko. Taja kiwango chako, kisha nyamaza. Wengi hujiharibia kwa kuongeza wenyewe kabla hawajajibiwa.

Mwisho wa mwezi wauzaji wengi hukimbizana na malengo ya mauzo, hivyo hulegea. Modeli ya mwaka uliopita iliyobaki dukani nayo hushuka, ila hakikisha punguzo linatosha: siku ukiiuza, mnunuzi atahesabu mwaka wa modeli, si siku uliyoinunua.

Suala la mkopo ndilo linaloumiza watu zaidi. Ukiulizwa unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, usijibu. Marejesho ya mwezi hupunguzwa kirahisi kwa kurefusha muda, na bei ikabaki palepale au ikapanda. Malizeni bei kwanza, halafu ndipo mwongee mkopo. Uliza pia riba inahesabiwaje. Riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayopigwa kwenye deni zima la mwanzo, kwa miezi 24, ni sawa na karibu asilimia 18 ikihesabiwa kwenye deni linalopungua. Pikipiki ya zamani unayotaka kuwaachia kama sehemu ya malipo nayo ijadiliwe peke yake. Ikichanganywa, wanachokupa huku wanakirudisha kule.

Bei ikigoma kabisa, omba vitu: helmeti, sevisi ya kwanza, kinga za injini. Hivyo vinamgharimu muuzaji chini ya bei ya rejareja, ndiyo maana huvitoa kwa urahisi zaidi kuliko pesa.

Kabla ya kulipa, linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye karatasi. Soma tarakimu nne za tarehe kwenye tairi: 3224 ni wiki ya 32 ya mwaka 2024. Iwashe injini ikiwa imepoa, uone kama betri ina nguvu, kwa sababu iliyokaa muda mrefu bila kuchajiwa hudhoofika. Kama tairi ni la zamani au betri imechoka, vibadilishwe kabla hujalipa. Ukishalipa, utapangwa foleni ya karakana pamoja na wengine.