Kabla hujapeleka hela Gerezani, minya mipira ya injini kwanza

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbagala. Ana Toyota IST, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imepanda mpaka 1500 kwa dakika hata injini ikishapata moto, na fundi kamwambia Jumamosi aje na laki tatu na nusu wakachukue kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo. "Kaka, nitoe au nisitoe?" Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Mwaka jana huyo msomaji nilikuwa mimi.

Langu ni Toyota Carina TI la mwaka 1999, injini ya 5A, limenivumilia kuliko baadhi ya ndugu zangu. Asubuhi mshale wa mzunguko wa injini ukipanda 1500 sikuwa na shaka, ndivyo injini baridi inavyoamka. Dakika chache tu unarudi 700 au 800 na kutulia. Siku moja haukurudi. Nimetoka Tabata, nimefika Buguruni, nimesimama taa nyekundu, mshale umeganda 1400 na gari linanguruma kana kwamba kuna mtu kakanyaga mafuta. Ukiingiza D linaruka. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela unalishikilia kwa breki kama mbuzi wa sikukuu, na mafuta ya elfu thelathini yaliyokuwa yakinifikisha Alhamisi yakawa yanaishia Jumanne. Breki zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa ngumu. Hilo la breki nilimwambia fundi. Lishike, tutalirudia.

Fundi huyo nilisoma naye shule ya msingi, ndiyo maana mpaka leo linaniuma. Akasema sensa (kipimo) ya throto, ule mlango wa hewa ya injini: 80,000, ya mtumba. Haikusaidia. Akasema kifaa cha sailensa: 150,000. Haikusaidia. Plagi, 60,000. Breki ngumu? Hizo pedi tu, 70,000. Ufundi wake jumla 120,000, na soda nilinunua mimi. Laki nne na themanini, na mshale uko palepale. Mwisho akachukua bisibisi, akakaza skrubu ya hewa kwenye throto, mshale ukashuka 1100, akafunga boneti. "Hii gari imezeeka kaka, ndiyo sailensa yake hiyo."

Wiki zilizofuata naziruka. Zilikuwa za kununa tu.

Jumapili moja, umeme umekatika na mpira sina pa kuangalia, nikafungua boneti mwenyewe. Elimu yangu ya ufundi ilikuwa moja tu: injini inavuta hewa, na hewa halali inapita kwenye throto. Kukiwa na tundu baada ya throto, hewa ya wizi inaingia. Kwenye injini kama yangu, yenye sensa ya kupima presha ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa), kompyuta inaona presha imepanda, inadhani dereva kaomba nguvu, inaongeza petroli. Mshale unapanda. Kompyuta haina kosa, imedanganywa.

Basi gari nikaliweka P, hendibreki juu, nikachukua plaizi nikazizungushia kitambaa ili nisipasue kitu, nikaanza kuminya mipira inayotoka kwenye manifoldi, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Nikafika ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Nilipouminya karibu na manifoldi, mshale ukaporomoka, injini nusura izime. Nikaachia, ukapanda. Nikaminya tena, nikaachia tena. Niliminya mara tano, furaha tu! Nikapaka povu la sabuni, likanyonywa upande wa chini kwenye kona, mahali jicho halifiki. Ufa mdogo kama ukucha wa mtoto.

Sasa rudi kwenye breki. Busta inategemea mvuto wa injini kukusaidia kukanyaga. Mvuto unavujia njiani, pedali inakuwa ngumu. Maradhi mawili, chanzo kimoja, na mtu aliyekula 480,000 yangu aliyasikia yote mawili kwa masikio yake.

Mpira nilipata Ilala, 12,000. Naomba nisifiwe kidogo hapa.

Usinisifu sana lakini. Kesho yake gari lilinizimikia Ubungo mara mbili, mwendokasi zinapita, bodaboda wananitukania mama. Ufa umeziba, na ile skrubu bado imekazwa, kwa hiyo injini ikawa haipati pumzi: 450. Nilipoirudisha mshale ukakaa 750, na upo hapo mpaka leo.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mbagala, pima kabla ya kununua. IST si Carina, kwako tundu linaweza kuwa kwenye mpira mwingine au gasketi ya manifoldi, au throto imejaa masizi, au maji ya rejeta yamepungua na sensa ya joto inaiambia kompyuta injini bado baridi. Angalia maji injini ikiwa imepoa, usijiunguze. Kama betri ilichomolewa karibuni au throto imesafishwa, sailensa inaweza kupanda kwa muda mpaka kompyuta ijifunze upya. Kontroli boksi ni ya mwisho kabisa. Pima kwanza, ndipo ununue. Na fundi asiyetaka usimame karibu akifanya kazi, mkimbie. Tunajifanya hatuna muda wa kusimama gereji, halafu tunapata muda wa kulalamika mwaka mzima. Hela ni yako, gari ni lako, watoto wanaopanda nyuma ni wako.

Leo jioni ukitoka kazini minya mipira, gari likiwa limesimama, usiendeshe mpira wa busta ukiwa umeminywa. Kanyaga pedali ya breki pia, uone kama ni ngumu na kama mshale unacheza. Kisha niandikie mshale umefanya nini kabla ya Jumamosi.